Mzee Nukta na Mwindaji wa Wanyonya Damu

Kadi ya maktaba ya Mzee Nukta ilichukuliwa Jumanne asubuhi, pale kaunta, mbele ya watu watatu waliokuwa kwenye foleni. Aliyeichukua ni binti mkutubi, wa umri wa mjukuu wake.

"Mzee, hiki kitabu umekifanya nini?" aliuliza, akikifungua katikati taratibu, kama muuguzi anayefungua kidonda.

Kilikuwa riwaya nene ya mwindaji wa wanyonya damu, mambo ya zama za taa za mafuta na magari ya farasi. Pembeni mwa kila ukurasa palijaa alama za penseli: mikato, vishale, vitanzi, na maneno ya mwandiko mdogo ulionyooka.

"Nimekisahihisha," alisema Mzee Nukta.

"Nani alikutuma?"

Hakuna aliyemtuma mzee. Alikuwa msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na minane. Karatasi ya kwanza ikitoka mashineni, mwenzake alisoma kwa sauti maandishi ya mwandishi pamoja na alama zake zote, koma, nukta, aya mpya, naye akafuata kwa kidole na penseli. Jina lake la utani lilitokea humo. Shule aliiacha darasa la nne. Sheria, mifupa ya mwili, ufugaji wa nyuki, vyote alivijua kwa kuvisahihisha. Kisha kiwanda kikafungwa, mashine zikaenda kwa wauza vyuma chakavu, na vitabu vikaanza kutoka na makosa kama mbwa koko na viroboto, wala hakuna anayejikuna. Mwenyewe alistaafu. Mkono ulikataa.

"Sheria ni moja, mzee. Ukiharibu kitabu, unarudisha kadi."

"Kuharibu!" Sauti ilimpanda. "Umesoma ukurasa wa arobaini? Wanyonya damu sina ugomvi nao. Nipe uongo wa mizimu nitaumeza bila maji. Uongo wa kazi, hapana! Huyu mwindaji mchana ni mpanga herufi za kuchapia. Haya. Anapanga tangazo la kuwaonya watu, mistari ishirini, kabla chai yake haijapoa! Fundi wetu mkuu mwenyewe asingeweza, na vidole vyake vilikuwa kama vya mtunga shanga. Tena anazisoma herufi za madini ya risasi kama anasoma gazeti. Zile herufi zimegeuzwa, mwanangu, kama maandishi kwenye kioo! Mtu anasoma kinyume mchana kutwa, anawinda kiumbe asiyeonekana kwenye kioo, na mwandishi hajaona hapo pana hadithi. Amekalia chakula, analia njaa."

Mwanamume mmoja kwenye foleni alicheka. "Si uandike chako, mzee?"

"Mimi si mpishi. Mimi ni mwonja chumvi." Akamgeukia mkutubi. "Wewe ulikionaje?"

"Mimi? Sijakisoma. Mimi navipanga tu."

Hilo lilimuuma kuliko kadi. Mkutubi wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa hakupi kitabu kabla hamjabishana juu ya kile ulichorudisha.

Nyumbani alimkuta mkewe akishona kifungo cha shati. Alimsimulia yote, huku akizunguka meza.

"Si ulisema kibaya?" alisema mke, uzi mdomoni. "Basi umepona."

"Hujaelewa, mama watoto. Kimeishia mwindaji amefungiwa ndani ya ghala chini ya jumba la maigizo. Mlango umekomewa kwa nje. Yuko na mwanamke ambaye huenda ni mmoja wao. Mwisho! Kitabu cha pili nimekiona nyuma ya kaunta, na kadi sina."

"Kanunue."

"Wapi? Duka la vitabu siku hizi linauza makasha ya simu."

Mke aliukata uzi kwa meno. "Wiki nzima umekilaani, leo unakililia."

"Silii. Nataka tu kujua atatokaje."

"Atatoka. Asipotoka watauza nini?" Akamrushia shati. "Kilichoandikwa kwa penseli kinafutika kwa raba, baba. Nenda kaombe radhi, uniondokee hapa na wanyonya damu wako."

Jumatano alikuwa mlangoni kabla maktaba haijafunguliwa, raba mpya mfukoni. Alieleza shida yake kwa maneno machache, kwa kuwa kuomba hakukuzoea.

"Yote, mzee," mkutubi alisema. "Nitakagua kila ukurasa."

Alikaa dirishani akafuta. Ilikuwa kama kulamba matapishi yake mwenyewe. Kila alama aliyoiondoa ilikuwa ya haki, na kila kosa lilibaki pale limekaa kitako, linamtazama. Saa ya mkononi katika zama za saa za mfukoni: futa. Tangazo la mistari ishirini: futa. Vumbi la raba lilimjaa mikononi, na watu wakapita na simu zao bila kuuliza mzee huyu anasugua nini.

Alipofika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili alisimama. Alikuwa ameandika, kwa mistari miwili ya hasira: "Jana Jumanne, leo Alhamisi. Jumatano imeliwa na nani?" Akausoma ukurasa tena, kisha ule wa kabla yake. Mwindaji alikuwa amenyweshwa dawa, akalala siku nzima. Ilisemwa wazi, kwa sentensi moja fupi. Yeye aliiruka.

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Akasugua mpaka karatasi ikaanza kuota manyoya.

Adhuhuri mkutubi alikagua, akageuza kurasa polepole. Hapo kidole chake kilikwama.

"Hapa umesugua sana. Ulikuwa umeandika nini?"

"Palikuwa na kosa."

"La mwandishi?"

Mzee Nukta aliangalia dirishani. Jibu la uongo lilikuwa jepesi, na huyu binti asingejua maisha yake yote. Lakini uongo wa kazi alishaukataa jana, tena kwa kupiga kelele.

"Langu," alisema.

Mkutubi alimrudishia kadi, akampa na kitabu cha pili. "Bila penseli, mzee."

"Bila penseli."

Hakufika hata barabarani. Aliketi kwenye ngazi za maktaba, akafungua ukurasa wa kwanza. Ghala, giza, yule mwanamke anapumua karibu mno. Ukurasa wa tatu mwindaji alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akafungua mlango, akatoka.

"Ufunguo!" Mzee Nukta aliziambia ngazi. "Ameutoa wapi? Kurasa mia nne, hakuna ufunguo! Na mlango umekomewa kwa nje, komeo analifikia vipi?"

Mama mmoja aliyekuwa akipanda aliruka kidogo. "Shikamoo, baba. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Tatizo lipo," alisema, na tayari alikuwa anafungua ukurasa wa nne.