Nilimwita profesa "laoban" nikitetea historia ya Kiingereza hapa Guangzhou

Wakuu, habari za mihangaiko. Hili limenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni Mbongo, nasoma master's ya lugha hapa Guangzhou kwa scholarship. Topic yangu ya kwanza ilikataliwa. Hii ya pili nayo ikikataliwa, semester nzima inakwenda na maji.

Topic yenyewe: jinsi uvamizi ulivyokijenga Kiingereza.

Asubuhi ya presentation nilikuwa soko la mabegi la Sanyuanli na dada Mwanaidi, mfanyabiashara wa Mombasa, namsaidia kununua mabegi. Huko kila muuzaji ni laoban, yaani bosi. Ukiomba bei ishuke unajibiwa meiyou, hakuna. Ukizoea, na wewe unajibu hivyo hivyo.

Nikatoka hapo, metro, moja kwa moja darasani.

Nikashusha nondo. Waanglo na Wasaksoni walivuka bahari na lugha yao. Wakaja Waviking, wakapigana nao, kisha wakaoana nao. Hadi leo Mwingereza hasemi "they", "egg" wala "sky" bila wao.

Halafu Wanormani wakatwaa nchi. Mabwana Kifaransa, mahakama Kifaransa. Ng'ombe zizini akabaki "cow", akifika mezani kwa bwana ni "beef".

Lugha ya walioshindwa, wakuu, na haikufa. Ilimeza maneno ya wababe ikanenepa. Naihusudu, sifichi.

Profesa wetu, mama wa hapa hapa Guangzhou, mpole ila hana utani, akauliza: "Una mfano wa watu wa leo?"

Nikajibu, "Meiyou, laoban."

Darasa likaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu nikashtuka, mfano si ndio huu?

"Samahani profesa," nikasema. "Mfano ni mimi. Hayo maneno yameniingia sokoni, kwa watu ninaohangaika nao kila siku. Waviking nao, mapanga yalipotulia, walikuwa majirani wa kuuziana mayai."

Akanitazama weee. Akasema topic imepita.

Nilipompigia Mwanaidi alicheka mpaka akakohoa. "Na huyo laoban wako mpya, kakupunguzia?"

Ila kabla sijatoka darasani, profesa alinisimamisha mlangoni. Akasema yeye na mama yake huongea Kikantoni, lugha ya asili ya hapa, lakini mwanawe anawajibu kwa Kichina cha shuleni.

"Hao Waingereza walioshindwa," akauliza, "walifanyaje lugha isiwafie?"

"Hawakuacha kuiongea na watoto."

Akauliza kama miaka kumi na miwili, umri wa mwanawe, ni kuchelewa.

Nilimwambia tu aanze leo, wakati wa kula.

Nilichojifunza: maneno ya wageni hayaui lugha. Inakufa sisi wenyewe tukiacha kuwarithisha watoto wetu.

Wazazi mliopo Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa Guangzhou, na kwingineko, hebu semeni: mtoto akiumia huko ugenini, analia kwa lugha gani?