Kijiti Mahali pa Maji

Kila nikiukumbuka mwaka ule, nasikia kwanza maji. Yanatoka kwenye mdomo wa birika la bati, membamba kama uzi, yanagonga jiwe la uani kwetu Kasongo, na mdogo wangu amechuchumaa mbele yake bila kupepesa macho. Ukungu wa upande wa mto haujainuka. Bibi anamimina.

Mdogo wangu alikuwa na miaka sita hivi, na alikuwa hasemi. Hakuwa bubu, kwa maana alfajiri aliweza kurudia adhana nzima kwa sauti ndogo bila kukosea. Ila maneno ya kumwambia mtu hakuwa nayo. Hakupenda kuguswa. Kumsuka nywele kulihitaji watu wawili, na majirani walisikia. Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha Kifaransa cha madaktari nilichokisoma peke yangu, kamusi pembeni, niliwakuta watoto kama yeye wameelezwa, pamoja na jina la hali yao, ambayo kwa Kiswahili wengine huiita usonji. Wakati ule hatukuwa na jina. Bibi alisema tu, "Huyu anapenda kila kitu kikae pahali pake."

Kilichokaa pahali pake kuliko vyote ni udhu. Viganja mara tatu, kinywa mara tatu, pua mara tatu, kisha uso, mikono, kichwa, masikio, miguu. Alimfuata bibi katika hayo tangu hajaweza kutembea vizuri. Ni wakati huo tu aliporuhusu mkono wa mtu umfikie usoni.

Mwaka ule Mbelgiji wa afya alipita kutafuta ukoma. Tulipangwa mstari mbele ya ofisi ya chifu. Mdogo wangu alikuwa na baka jeupe shavuni. Mzungu akaligusa kwa unyoya wa kuku, akauliza, "Wewe nasikia?" Yeye alikuwa anaangalia jua likicheza katika majani. Mzungu akamgusa tena, kisha akamchoma na sindano. Hakusogea. Mimi nilijua kwa nini: jambo likimzidi, alikuwa anaondoka, akiacha macho yake hapo. Karani aliandika kwamba hasikii, yaani ngozi imekufa ganzi, dalili ya ukoma.

Kilibaki kipimo kimoja, na hicho kilikuwa kazi ya muuguzi wa dispensari, kijana wa wakulima Wakristo ambaye sisi wote tulimwita munganga. Huzungushia kijiti pamba, hukiingiza katika pua, pande zote mbili, husugua, kisha hupaka juu ya kipande cha kioo na kutafuta vidudu kwa darubini. Siku ile ile alijaribu. Alirudi kwetu jioni na kidole kimefungwa kitambaa.

"Mutoto wenu iko na meno muzuri," alimwambia mama. Halafu akaacha kucheka. "Ninawapa siku nane. Kama kioo iko safi, nitafuta jina lake. Kama hakuna kioo, wakubwa wataangalia karatasi tu, na karatasi inasema hasikii. Lori itamubeba."

Lori lilikwenda kijiji cha wakoma, upande wa Wamaza, huko Kabambare. Watoto walikwenda peke yao. Mama alinyoosha mkono kumshika mdogo wangu, akakumbuka, akaurudisha.

Wazo lilikuwa la bibi. Kesho yake alivunja njiti ya mchikichi, akaisokotea pamba aliyoichomoa kwenye mto wake, akaiweka kando ya birika. Haikufanya kitu, ilikaa tu. Siku ya pili, baada ya maji ya pua, alijiingizia mwenyewe, akapiga chafya mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaanguka. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya mstari. Mdogo wangu aliokota njiti, akaigeuza juani, akainusa. Siku ya nne alikuwa anajiingizia mwenyewe: maji mara tatu, pamba mara tatu, kisha uso.

Nilikimbia dispensari kumpa munganga habari. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akashika kichwa.

"Dada, akiosha pua mbele ya kijiti, mimi nitaona nini pa kioo? Maji imebeba vyote. Kioo itakuwa ya uongo."

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Siku ya tano bibi aliruka maji ya pua, na mdogo wangu alilia hadi adhuhuri, akipiga kisogo ukutani. Nafasi ilikuwa tupu na yeye aliiona. Jioni bibi alikaa muda mrefu na tasbihi bila kuisogeza.

"Basi kijiti kikae mahali pa maji," alisema. "Mara tatu, kikavu."

"Lakini bibi, udhu si muchezo," mama alisema.

"Udhu bila nia ni kunawa tu. Na mimi kwa hii sitii nia. Mungu anajua ni ya pua."

Siku ya sita mdogo wangu alinung'unika, akakubali. Siku ya saba hakunung'unika.

Siku ya nane munganga alikuja alfajiri, kama tulivyomwomba, na kijiti chake na kioo chake.

"Bibi, munataka kunisilimisha?"

"Chuchumaa, mutoto wa misioni. Dini yako baki nayo."

Viganja. Kinywa. Ukungu ulikuwa mweupe hata nikaona kama sisi watano tumo ndani ya pamba ile ile. Munganga akaingiza kijiti kulia, akasugua, kushoto, akasugua. Akapaka kioo haraka, akaanza kuinuka, kwa maana kazi yake ilikuwa imekwisha. Kwetu ilikuwa mara mbili tu.

Niliona kifua cha mdogo wangu kikijaa kilio. Kisha akanyoosha mkono, yeye ambaye hakuwahi kumgusa mgeni ila kwa meno, akamshika munganga kifundo cha mkono, akakirudisha puani kwake. Munganga alitutazama. Bibi akaonyesha vidole vitatu. Akafanya ya tatu. Na kwa kuwa mkono ule haukuachiwa, alipokea birika akamimina yaliyobaki, uso hadi miguu, suruali yake ikilowa.

Alirudi siku mbili baadaye. "Hakuna kidudu. Jina nimelifuta mimi mwenyewe."

Mama alikwenda kuketi nyuma ya nyumba. Mdogo wangu alichukua birika, akaliweka miguuni pa munganga, akachuchumaa kungoja. Munganga akakunja mikono ya shati.

Lori la Wamaza lilipita barabarani wakati huo. Wote tulinyanyua vichwa isipokuwa yeye. Alikuwa kwenye pua, mara ya pili.