Muhuri wa Kupokelewa

Siku niliyokubali kufungua mlango kabla ya ruhusa, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu ya rangi iliyokuwa bado mbichi kwenye madirisha. Laiti ningekataa.

Nasikia unataka kufungua tawi la masomo ya ziada huko Wamaza, chini ya jina la watu wa mjini. Ndiyo maana nakuandikia. Mimi nilifanya hivyo hapa Kabambare, nikiwa na miaka thelathini na miwili. Jina la kituo nililoruhusiwa kutumia lilikuwa la rafiki yangu wa Kasongo. Sote wawili tuliitwa Ramazani, basi tukaitana somo tangu mwaka wa kwanza wa sekondari. Yeye alikuwa na kituo cha kuwaandaa wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwa examen d'État, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, na wazazi walikiamini. Aliponikubalia nitumie jina lake, alileta mwenyewe kibao alichokiandika kwa mkono wake, herufi za buluu. Tulisoma mkataba tukila ugali na mboga ya sombe. Ulisema kila tawi liwe na ruhusa yake ya serikali, walimu wajulikane kwa diploma zao, na yeye akague ukumbi kabla ya somo la kwanza.

"Ruhusa yangu ya Kasongo haifiki huku, somo," aliniambia. "Ngoja yako."

Nilipeleka barua ya kuomba ruhusa kwenye ofisi ya elimu. Kopi yangu ikapigwa muhuri kuonyesha kwamba imepokelewa, nikaambiwa nimsubiri mkaguzi. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Majuma yakapita, mkaguzi hakuja, na mtihani ukakaribia. Wazazi wakaanza kuja nyumbani. Mmoja wao, Mama Fatuma, aliuza samaki sokoni, na binti yake alikuwa ameshindwa mtihani ule mara moja. Alisimama mlangoni akaniangalia toka kichwani hadi miguuni.

"Directeur, kibao iko, mabenchi iko, wewe mwenyewe uko. Sasa tunangoja nani, Papa wa Roma?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, na katika kicheko kile nikakubali. Ile kopi niliibandika ukutani, muhuri ukionekana vizuri, na hakuna aliyesogea kusoma imeandikwa nini. Somo alipopiga simu kuuliza, nilimjibu kwamba karatasi ziko tayari, asijisumbue kuja na barabara ile. Moyoni nilijiambia ruhusa itakuja tu.

Masomo yaliendelea majuma matatu. Sitakuficha, yalikuwa majuma mazuri. Binti wa Mama Fatuma, aliyekuwa akikaa nyuma kabisa, alianza kuinua mkono. Mpaka leo nikipita pale nasimama kidogo, kana kwamba nitasikia tena sauti zao wakirudia kanuni za hesabu.

Kisha mkaguzi akafika. Aliisoma ile karatasi ukutani bila haraka, akaniuliza kwa upole, "Ndugu, hii inasema tu kwamba barua yako ilifika. Jibu liko wapi?"

Nikamwambia halijafika. Akaufunga ukumbi. Na kwa kuwa kibao kilikuwa na jina la kituo cha Kasongo, mwenye jina naye aliitwa kujieleza, na kituo chake kikafungwa mpaka uchunguzi uishe. Uliisha baada ya mtihani. Wanafunzi wake, ambao hawakuwa na kosa lolote, waliingia kwenye mtihani baada ya kujisomea peke yao majumbani.

Somo alikuja kwa pikipiki, matope hadi magotini. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Yeye alikuwa na moja tu.

"Ulinijibu ziko tayari. Ulikuwa unajua haziko?"

"Nilijua."

Alivuta kiti mpaka chini ya kibao. Akapanda juu yake, akaking'oa, akakifunga nyuma ya pikipiki, maandishi yakitazama chini. Hata maji hakukubali kunywa.

Mwanangu, usimpokee mwanafunzi hata mmoja kabla jibu la serikali halijawa mkononi mwako, na ulisome lote, si muhuri peke yake. Mkataba wa mwenye jina ufuate hata siku ambazo hakuoni. Wazazi wakikucheka, waache wacheke. Na yeye akikuuliza, mwambie "bado", hata kama neno hilo linakuaibisha. Mimi lingeniaibisha kwa majuma machache tu. Mungu akufungulie mlango huo kwa wakati wake, awape akili watoto utakaowafundisha, akuzeeshe pamoja na wale wanaokuamini leo.

Somo yu hai. Tukikutana sokoni Kasongo hunipa mkono, huniuliza habari za nyumbani, kisha hunitakia siku njema kama mgeni, "Bonne journée, Monsieur Ramazani," na kwenda zake. Kituo chake kilifunguliwa tena, na mimi nilipata kazi nyingine. Rafiki niliyekuwa naye tangu sekondari nilimpoteza siku ile, na sikupata mwingine.