Mama Bomba Aitetea Sarafu ya Hamsini

Saa kumi na mbili asubuhi, foleni ya ndoo imeshapinda kona. Mama Bomba anafungua koki kwa mkono wa kulia na kupokea pesa kwa wa kushoto, na yote miwili imelowa chapachapa. Noti ya kwanza anaianika kwenye uzi ndani ya kibanda na kuibana kwa kibanio cha nguo, kando ya za jana ambazo bado hazijakauka.

"Wenzangu wanaanika nguo, mimi naanika pesa," anasema, na foleni inacheka.

Jina la Mama Bomba alipewa na wateja. Ameuza maji hapa miaka tisa, tangu mumewe, fundi mwashi, alipoanguka kazini akaumia mgongo. Siku ikiwa nzuri hubakiwa na elfu sita. Kwa hizo wanakula watu watano, mama mkwe wake akiwemo.

Mvua za mwaka jana nusura zimkatishe tamaa. Paa la kibanda lilivuja hadi kwenye mkoba wa akiba, na alipoufungua, noti zilikuwa zimegandamana. Benki ilipokea zilizosalimika. Zilizochanika vipandevipande alirudishiwa.

Hiyo ilikuwa ada ya bintiye, aliyekuwa aanze kusomea ushonaji. Binti akakaa nyumbani muhula mzima.

"Hakunilaumu hata kwa neno moja," anasema mama yake. "Hilo ndilo lililoniuma."

Kwa hiyo maofisa wa benki kuu walipokuja ukumbi wa kata kukusanya maoni kuhusu pesa mpya, alifunga kibanda akaenda kukaa kiti cha mbele. Mumewe alimwambia anajisumbua bure, siku hizi dawa ni kulipia kwa simu. Akamjibu kwamba nusu ya wateja wake simu hawana, na wenye nazo kila siku hazina chaji.

Ofisa, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alieleza mapendekezo mawili. Noti ndogo zitengenezwe kwa plastiki, zisiharibiwe na maji. Sarafu ya hamsini iondolewe, kwa kuwa kuitengeneza kunagharimu zaidi ya thamani yake.

La kwanza Mama Bomba alilipigia makofi. La pili lilimfanya apige hesabu. Ndoo moja ni mia. Nusu ndoo ni hamsini, na wanunuzi wake wengi ni wazee wasioweza kubeba iliyojaa, kama jirani yake bibi kizee anayemwita shangazi. Hamsini ikiondoka, shangazi atalipa mia kwa maji yale yale.

Akapiga moyo konde, akasimama.

"Dada, hizo noti za plastiki zileteni hata kesho. Lakini hamsini msituondolee. Kwenu ni hasara, sibishi. Kwa shangazi yangu ni maji ya kuoga."

Ofisa hakumuahidi kitu. Alimuuliza tu hamsini zikiadimika chenji huitoaje. Akasema hutoa pipi, kama maduka yote, ila shangazi hana meno. Ofisa akacheka, kisha akaandika.

Miezi kadhaa baadaye redio ikatangaza uamuzi: noti za plastiki zitaanza kutumika mwakani, na hamsini itabaki, ila itakuwa ndogo na nyepesi, ya chuma cha bei nafuu.

Mama Bomba hajidanganyi kwamba ni yeye peke yake aliyesikilizwa. Wauza mboga nao walipiga kelele kweli. Hata hivyo, mumewe alikiri kwamba safari hii mkewe hakujisumbua bure.

"Alisema kwa sauti ya chini," anasimulia, "lakini nilisikia."

Binti ameanza ushonaji muhula huu. Mama yake sasa anadunduliza apate bomba la pili, lenye kibanda cha paa zima, kaunta na kiti cha kuegemea, ili mumewe naye arudi kazini.

"Yeye atashika pesa, mimi nitashika maji," anasema huku akivuta ndoo inayofuata. "Kukaa bure kunamuumiza kuliko huo mgongo."