Kidonda cha Mama

Mama alijikata mguu kwa gamba la chaza kwenye mikoko ya Salale, na kidonda kikakataa kufunga. Akaacha kusemezana na wifi yake, jirani yetu, akiamini kamroga. Mimi, niliyekuwa nasomea seli chuoni, niliogopa kansa ila sikumwambia. Tukapanda boti, kisha gari, hadi hospitali ya Mchukwi.

Daktari alisema hakuna sukari wala kansa. Ngozi imezeeka tu, itapona polepole. Nilitamani kumkumbatia.

"Ngozi inazeekaje, mwanangu?" mama akaniuliza tulipotoka.

Nikamweleza kwamba ndani ya seli mna vijumbe viitwavyo RNA. Vingine hubeba maagizo ya kutengeneza protini. Vingine havitengenezi protini, bali husimamia kazi, na umri ukienda baadhi yake huihimiza seli iache kugawanyika.

"Kwa hiyo si mtu?"

"Si mtu, mama. Ni umri."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi."

Tuliporudi alipitiliza kwa wifi yake, akapiga hodi na kuomba maji ya kunywa. Nilibaki uani nikiwasikiliza wanavyocheka.