Pengo la Esteri halimchekeshi mtu Nyakitonto

Saa tatu asubuhi, gulio la Nyakitonto limeshachangamka. Wauza maharage wamepanga mafungu yao, mwenye mitumba ameshakaukwa na sauti kwa kunadi, na katikati ya njia yenye tope amesimama mwanamke mfupi aliyevaa koti jeupe lililopauka kwa kufuliwa. Ameachama kinywa. Kwa kidole anavuta mdomo wa juu, kwanza upande wa kulia, kisha wa kushoto.

"Tazameni vizuri," anasema. "Huku hakuna. Na huku hakuna. Chonge zangu zilichimbwa kabla sijajua hata kukaa."

Hakuna anayecheka. Kwingine mtu mzima akionyesha pengo hadharani angezomewa na watoto mpaka akome. Hapa wanamtazama kimya, kwa sababu wengi wao wakifungua vinywa vyao, pengo lipo palepale.

Huyu ni Esteri Ininahazwe, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, msaidizi katika kliniki ndogo ya meno mjini Kasulu. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ni kuchemsha vyombo, kuita wagonjwa na kuwashika mkono wanaoogopa sindano ya ganzi. Kazi hii ya gulioni hakuna aliyemwajiri. Anaianza kila mvua za kwanza zinapoanguka, kwa siku yake ya mapumziko na kwa nauli ya mfukoni mwake, na anaifanya kwa hasira.

"Mimi siji hapa kwa upole," anasema. "Upole tumeutumia miaka mingi, na watoto tumewazika kwa upole huohuo."

Anachokipigia kelele kinaitwa meno ya plastiki. Katika vijiji vingi vya huku, mtoto mchanga akishikwa na homa na kuharisha, wapo wakubwa wasiouliza habari ya mbu wala maji. Wanapapasa ufizi. Wakiona uvimbe mweupe mahali chonge inapojiandaa kuota, basi neno limekwisha: mtoto ana meno ya plastiki, na yasipotolewa yatamuua.

Hapo anatafutwa mkataji. Kifaa chake ni spoku ya baiskeli iliyonolewa, au msumari, au wembe. Ganzi hakuna. Mtoto anashikwa mikono na miguu, ufizi unachimbwa mpaka kitokee kitu kidogo cheupe, na kitu hicho mama anawekewa kiganjani akione kwa macho yake.

"Hapo ndipo wanapotumaliza," anasema Esteri. "Unakishika, ni laini, kweli kinafanana na plastiki. Utabisha nini? Kumbe ulichoshika ni jino la mwanao. Halijakomaa tu. Umeling'oa kama mtu anayefukua mahindi aliyoyapanda jana."

Anasema hivyo na uso unamwiva. Ukimsikiliza kwa muda, nawe damu inakuchemka, maana jambo lenyewe halihitaji usomi mkubwa kulielewa. Mtoto ana malaria, anachimbwa ufizi. Mtoto amekunywa maji machafu, anachimbwa ufizi. Homa inabaki pale ilipokuwa, na juu yake linaongezwa donda linaloweza kumwingizia pepopunda.

Na msimu wake unajulikana kama unavyojulikana msimu wa kumbikumbi. Mvua za kwanza zinaosha vilima na kuumwaga uchafu visimani. Akina mama wako shambani kutwa, wanapanda mahindi na maharage, na mtoto aliyeanza kuota meno anabaki na bibi yake. Akiharisha, bibi ndiye mwenye uamuzi.

Esteri anayafahamu hayo tangu utotoni. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, wakapata shamba katika kijiji kimoja cha Kasulu, na baadaye wakapewa uraia. Yeye alizaliwa hapa, akachimbwa hapa. Mdogo wake aliyeitwa Nduwayezu naye alichimbwa akiwa na miezi sita.

"Nilimbeba mimi mgongoni kwenda, kwa sababu mama alikuwa na mzigo," anasimulia. "Njiani alikuwa ananivuta nywele. Kurudi, mama akaacha mzigo njiani akambeba mwenyewe. Hakuvuta nywele za mtu tena. Alikaa siku chache, taya likakaza, akafa. Wakasema meno yalicheleweshwa kutolewa."

Anapandisha sauti. "Yalicheleweshwa! Mtu anaua, halafu anakulaumu kwamba ulichelewa kumletea!"

Daktari wake pale kliniki, Godson, alihamishiwa wilayani kikazi akitokea Moshi kabla ya kufungua kliniki yake yenye kiti kimoja. Anakiri kwamba mwanzoni alidhani amekutana na ugonjwa mpya.

"Kila mdomo niliofungua, chonge haipo," anasema. "Nikapiga mahubiri mpaka nikachoka. Mimi wakinisikia wanasema huyo ni mtumishi wa kuja, ataondoka. Mama Marcel wakimtazama, wanajiona wenyewe." Mama Marcel ndilo jina analoitwa Esteri pale kliniki, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye chonge zake zote zipo na anapenda kuzionyesha.

Lakini ukitaka kuiona hasira ya Esteri yote kwa pamoja, mtajie mwezi wa Machi.

Kila Machi huja wageni wa mradi mmoja kuadhimisha wiki ya kinywa na meno. Huja na turubai, spika kubwa, tisheti na maboksi ya miswaki. Watoto hupangwa mstari, hupewa miswaki, huambiwa wacheke, hupigwa picha. Jioni turubai linakunjwa, vumbi linatimka, kwaheri mpaka mwakani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni anakuja mwenyeji akiwa ameshazika.

"Machi mvua zinaelekea mwisho," anasema Esteri. "Waliochimbwa wameshachimbwa. Unampa mswaki mtoto asugue nini, pengo?"

Mwaka jana alimfuata msimamizi wa mradi akamwomba wahamishie shughuli Oktoba, mvua zinapoanza. Akajibiwa kwamba ratiba imeshapangwa, na kwamba Machi ndiyo inayofuatwa dunia nzima. Daktari Godson aliandika barua mbili kuunga mkono ombi hilo. Hazikujibiwa, ila maboksi ya miswaki yaliongezwa.

"Dunia nzima!" Esteri anapiga makofi kwa mshangao. "Kwa hiyo watoto wa Nyakitonto wavumilie kuharisha mpaka Machi, ili walingane na dunia?"

Ndiyo maana leo yuko gulioni. Watu wanaanza kutawanyika anapomwona msichana mmoja amesimama karibu na muuza chumvi, amebeba mtoto mgongoni. Kichwa cha mtoto kimelegea upande. Esteri anavuka tope bila kuangalia anapokanyaga.

"Mwakeye, mwanangu," anamsalimu. "Huyo anaumwa siku ngapi sasa?"

"Tatu, mama. Anachemka, na anaharisha."

Msichana anaitwa Mwatumu, na huyo ni mtoto wake wa kwanza, Badru, wa miezi mitano. Pembeni yake amesimama mama mkwe wake, Bi Rabia, mwanamke mrefu mwenye kikapu cha mihogo. Ni yeye anayejibu swali linalofuata, kabla hata halijaulizwa.

"Ana meno ya plastiki. Nimeyaona mimi mwenyewe. Kesho tunampeleka kwa Leonidasi ayatoe."

"Oya, mama, hapana," anasema Esteri. "Kesho hampeleki kwa Leonidasi. Leo mnampeleka zahanati."

"Zahanati gani? Juzi tu jirani yangu alikwenda akaambiwa dawa hakuna. Leonidasi yupo kila siku."

Hilo Esteri halibishii, nalo linamchoma. Zahanati isiyo na dawa ni tangazo la bure kwa mkataji. Anamwomba Mwatumu amteremshe mtoto, anamgusa shingo na paji la uso, kisha anamfungua kinywa taratibu kwa kidole alichokwisha kukisugua kwa sabuni. Uvimbe mweupe upo. Chonge inajiandaa, kama inavyopaswa.

"Hili ni jino lake, mama. Liache."

Bi Rabia anaweka kikapu chini. Watu wameanza kurudi kusikiliza. "Wewe unanifundisha mimi kulea? Mimi nimelea watoto saba. Wote saba walitolewa, na wote wako hai, wanalima."

"Hongera, mama. Na ulizaa wangapi?"

Bi Rabia anamtazama Esteri. Anamtazama mtoto.

"Tisa," anasema.

Muuza chumvi anaacha kupima. Esteri hatabasamu kwa ushindi, kwa sababu ushindi wa namna hiyo haupo. Anasubiri tu, mkono wake ukiwa bado mgongoni kwa Badru. Mwatumu anaanza kulia kimya, akijifuta kwa ncha ya khanga.

Bi Rabia anainama kuokota kikapu. "Twende huko zahanati," anasema. "Lakini homa isiposhuka, wewe usije nyumbani kwangu kunikataza."

"Ego, mama, ndiyo. Isiposhuka sitakuja."

Zahanati siku hiyo ina dawa, na hilo nalo ni bahati, ingawa dawa ya mtoto haikupaswa kuwa jambo la bahati. Kipimo kinaonyesha malaria. Badru anapewa dozi ya kwanza palepale, na Mwatumu anaelekezwa kuchanganya chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Esteri anamrudisha Bi Rabia kwa muuguzi aeleze upya, pole pole, mpaka bibi mwenyewe aweze kurudia maelezo kwa mdomo wake.

Leonidasi haishi mbali. Mwandishi wa makala haya alipomfuata alimkuta barazani akiziba pancha ya baiskeli. Ni mtu wa makamo, mpole, na hakuficha kitu.

"Sijawahi kumwita mtu hapa," alisema. "Wanakuja wenyewe. Mtoto akipona wananiletea kuku, asipopona siwadai. Serikali ikisema niache, nitaacha. Lakini waniambie mama akifika na mtoto anayekata roho, zahanati imefungwa, mimi nimwambie nini?"

Alipoulizwa idadi ya watoto aliowachimba waliofariki, alirudi kwenye pancha yake. Aliponyanyua uso kuaga, alitabasamu. Naye hana chonge.

Esteri akisimuliwa maneno hayo anawaka. "Amwambie arudi zahanati! Agonge mlango wa muuguzi mpaka uvunjike! Kwani kwake wanafunguliwaje, si wanagonga?" Kisha anashusha pumzi. "Lakini hapo kwenye zahanati kufungwa, amesema kweli. Na hao wa tisheti, kweli hiyo hawataki kuipiga picha."

Siku tatu alizokaa Kasulu akisubiri habari za Badru, anasema hazikupita. Alichemsha vyombo vilivyokwisha kuchemshwa. Aliita mgonjwa kwa jina la mgonjwa mwingine. Daktari Godson hakumkemea, ila siku ya nne alimkabidhi hela ya bodaboda akamwambia aende akamwone mtoto, vyombo atavimalizia yeye daktari.

Alimkuta Badru amekaa mapajani mwa bibi yake, ananyonya ngumi. Homa ilikuwa imeshuka, kuharisha kumekoma. Mwatumu alikuwa shambani. Bi Rabia alimkaribisha kiti, akampa muhogo wa kuchemsha, na kwa muda wakazungumza habari za mvua tu.

"Lakini lile jeupe bado naliona," hatimaye Bi Rabia alisema.

"Liache, mama. Liache liote."

"Majirani wananiuliza kila siku."

"Waambie waje waliangalie likiota."

Bi Rabia hakuahidi. Alimfungua Badru mdomo, akaangalia ufizi kwa muda mrefu, akaufunga tena kwa kidole. "Nitaliangalia mimi," alisema. Esteri anasema aliondoka na jibu hilo hajui alibebe namna gani, maana chonge inachukua miezi mingi kutoka, na homa hazijaisha duniani.

Mpango wake hauna turubai. Ameshaongea na mchungaji wa kanisa lake na shehe wa msikiti wa jirani, wote wamekubali mvua ya kwanza ikinyesha mwakani, Ijumaa na Jumapili hiyo litangazwe neno la ufizi. Anataka kufika Kitahana kule Kibondo, na Muyama upande wa Buhigwe. Anataka pia wanawake wenye mapengo kama lake wasimame naye gulioni, na wawili wameshamkubalia. Wageni wa Machi wakitaka kuja Oktoba, anasema, karibu, waje na dawa za zahanati badala ya tisheti.

Na Badru? Esteri anapanga kumwona kila gulio mpaka chonge itokeze. Siku hiyo atamwomba Bi Rabia ambebe mwenyewe mpaka katikati ya njia, kila mtu amwangalie mdomoni.

Gulio lililofuata likifungwa, anavua koti lake jeupe, anajiandaa kurudi Kasulu. Akiulizwa angependa nini kwa ajili yake mwenyewe, hafikiri mara mbili.

"Nataka nizeeke, nije hapa gulioni, nifungue mdomo wangu huu, watoto wanicheke," anasema. "Wanicheke mpaka wagalagale. Wawaulize mama zao, huyu bibi meno yake ya huku yamekwenda wapi? Na mama zao wasijue la kuwajibu."