Mujomba alisema mbele ya juge kama mutoto si wangu

Admin, jina yangu usiweke, na kama kuko mwenye atanitambua, anyamaze. Niko mwanamuke wa miaka 36, nashonaka manguo huku Katuba, niko na mutoto mumoja tu, binti wa miaka 9. Nasema niko naye, lakini iko Belgique kwa baba yake, na hii kesi ikienda vibaya nitamupoteza kabisa. Kulia nimelia mpaka nimechoka, njo maana naandika.

Baba yake alinioa kwa mila tu. Dot, ile mali ya kuoa, ilitoka, bantu bakakula, bakacheza. Kisha akapata njia ya kwenda Ulaya, tukaachana kwa telefone, vile bantu ba siku hizi banaachanaka. Sikumusumbua. Ile mwaka yenye ilipita akaniambia, "Umutume mutoto aje vacances, likizo tu, aone neige, ile barafu ya kuanguka juu." Mujinga miye, nikamutayarishia valise, nikamushonea na kakoti ka baridi. Vacances zikaisha, mutoto hakurudi. Nikipiga, baba yake ananijibu, "Iko anasoma huku sasa. Weye utamupa nini kule Katuba?"

Nikatafuta avocat wa kunisemea kwa tribinali, mama mumoja wa hapa muji, mwenye roho ya bantu, naye akapata mwenzake wa kule. Kesi ikafunguliwa. Baba ya mutoto akamuambia juge wa Belgique kama kwabo, kaskazini ya Katanga, ukisha kutoa dot mutoto ni wa baba, mama hana neno. Juge hakumuamini hivi hivi. Avocat wangu akanifasiria, "Mama, siku hizi ma tribinali ya kwetu na ya Ulaya yanasaidiana. Juge wa kule ameandika, cour kubwa ya Kinshasa imepokea, na sasa juge wa huku Lubumbashi njo atabaita, weye na bashahidi bako, abaulize kwa mahali pake. Yote mutasema huku, kule itasomwa sawa vile mulisemea mbele yake." Nilifurahi, sitadanganya. Nilisema Mungu ameniona, juge mwenye anajua mila zetu njo atauliza.

Avocat akaniuliza nani atasema kwa upande wetu. Nikajibu bila kufikiri: mujomba, kaka ya mama yangu. Siye bantu ba Sakania, kwetu mutoto ni wa ukoo wa mama, na hakuna mwenye anafunguaka kinywa mbele ya mujomba. Tena huyu mujomba njo alinikomalisha kisha baba yangu kufa. Dot yangu ilipita kwa mikono yake. Kumuacha nyumbani siku kama ile ingekuwa matusi.

Siku ikafika. Mujomba akavaa koti yake ya kwendea kanisa, akasimama sawa askari. Juge akamuuliza na heshima yote, "Muzee, kwa mila yenu, huyu mutoto iko chini ya nani?" Nilijua atasema ni wa kwetu, nikatulia. Muzee akajipiga kifua. "Ni wangu. Baba yake alikuja kuoa, hakuja kuuza wala kununua mutoto. Na huyu mama yake anamulinda tu. Miye njo nasemaka atalala wapi, atasoma wapi, ataolewa na nani." Greffier, mwandishi wa tribinali, akaandika yote. Mujomba akanigeukia na kicheko, akaona ameniokoa.

Avocat hakucheka. Tulipotoka kwa mulango akanivuta pembeni. "Mama, huku kwetu ile neno ni nguvu yako. Kule batasoma kama weye mwenyewe hauna uwezo juu ya mutoto. Baba anasema ni wangu, na ndugu ya mama anasema si wa mama. Juge atamupa nani?" Akarudi ndani kulomba juge anisikie miye kabla ma papier hayajaenda Belgique, naye akakubali. Inabidi nisimame, niseme na kinywa changu kama mujomba hana uwezo juu ya mutoto wangu, ni miye tu.

Nilienda kwa mujomba, nikapiga magoti, nikamufasiria, nikamulomba ageuze neno yake mbele ya juge. Hakukasirika, njo kitu kinaniua. Akasema pole pole, "Mwana wangu, baba yako alipokufa, bantu ba kwake balikuacha kwa mulango yangu. Miye nilikuchukua ju ya nini? Ju ulikuwa wangu. Sasa unataka nisimame niseme ile ilikuwa uongo?" Akaniinua. "Enda useme weye. Nitakuja, nitaikala nyuma, nisikie. Lakini ukisha kusema, mujomba usiniite tena." Mama yangu yeye analia tu, analomba nisimupatishe kaka yake haya mbele ya bantu.

Na si hiyo tu. Siku ya tribinali shemeji yangu alikuwa ameikala mule ndani, akamupigia ndugu yake wa Belgique neno kwa neno. Jana mutoto akanipigia. "Mama, papa anasema ulileta muzee aseme kwa juge miye si mutoto wako. Ni kweli?"

Nikamuambia hapana, moyo wangu, si kweli hata kidogo.

"Basi ju ya nini haukumukataza?"

Nikasema réseau ya telefone ni mubaya, nikakata. Tangu jana sijashona hata uzi moja.

Bandugu zangu ba hii page, lundi, hii jumatatu, saa tatu ya asubuhi bataita jina yangu. Mujomba ataikala nyuma yangu, karibu hata pumzi yake nitaisikia, na kule mutoto anangojea kusikia kama mama yake alimutaka. Usiniambie nisali, ninasali. Mwenye anajua aniambie: nikisha kusimama pale, kinywa changu kitoe neno gani?